Tepu ya Gongo na Tepu ya Mguu

Safari hii tumetua Tunduma, pale mpakani ambapo malori hupanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia, na ambapo ukisimama barabarani dakika tano unasikia Kiswahili, Kinyamwanga, Kinyiha na Kibemba. Tulifika kwenye shule moja ya sekondari kuzungumza habari za usafi wa mwili. Lakini si unajua mazungumzo na vijana? Yanaanza huku, yanaishia kule.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa ameona picha za video za Wakenya wanacheza mpira wa magongo juu ya barafu. Ndiyo, barafu! Akauliza: "Dada, wale jamaa kabla ya kuingia uwanjani wanazungushia nini kwenye magongo yao? Mbona kama plasta ya hospitali?"

Darasa likacheka. Mimi nikaanza kujibu. Ndipo msichana mmoja wa mstari wa pili akashusha soksi yake na kusema, "Na mimi nina plasta yangu." Alikuwa amejifunga kifundo cha mguu kwa kamba ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, mizunguko mitano au sita, imekazwa kweli kweli. Aliteguka mguu siku mbili kabla, mazoezini, na mechi ya kuchagua timu ya netiboli ilikuwa kesho yake. Vidole vyake vya mguu vilikuwa baridi na kucha zimeiva rangi ya zambarau. Nilipomgusa kidole kidogo, alisema hasikii kitu.

Kicheko kikaisha pale pale. Tukafungua ile kamba kwanza, maswali baadaye.

Basi makala hii inajibu maswali yote mawili kwa pamoja, la yule kijana na lile ambalo yule msichana hakuuliza. Kila tepu imetengenezwa kwa kazi yake. Ile inayosaidia mpini inaweza kuumiza mguu.

BARAFU NAIROBI?

Wengi hawaamini, kwa hiyo tuanze hapo. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, iliyopo Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ilifungua kiwanja cha ndani cha kuteleza kwenye barafu. Vijana wakaanza kuteleza, wengine wakitokea kwenye viatu vya magurudumu vya barabarani, na hatimaye ikazaliwa timu inayoitwa Kenya Ice Lions, yaani Simba wa Barafu. Kiwanja chao ni kidogo sana ukilinganisha na cha kimataifa, ambacho kina urefu wa mita 60 hivi. Kwa muda mrefu hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo nchini mwao. Mwaka 2018 walialikwa Kanada na kucheza pamoja na mastaa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la dunia la mchezo huo.

Na sisi Watanzania tusijidharau. Barafu hatuna, lakini magongo ya nyasi tumecheza. Mwaka 1980 timu yetu ya wanaume ilikwenda Olimpiki ya Moscow. Tulikuwa wa 6 kati ya timu 6, na India ambao ndio waliochukua dhahabu walitufunga mabao 18 kwa 0. Usicheke. Wangapi wamefika Olimpiki?

KWA NINI WANAFUNGA GONGO

Kwenye barafu mpira wenyewe si mpira wa duara. Ni kisahani cha mpira mgumu, kipana kama sentimita 7.6, kinene sentimita 2.5, uzito wake kati ya gramu 156 na 170. Kabla ya mechi kinagandishwa kwenye friza ili kisidundedunde. Sasa fikiria kisahani kilichoganda, kinateleza juu ya barafu, na gongo lako nalo lina ubapa laini. Kitakuponyoka tu.

Kwa hiyo wanaufunga ule ubapa kwa tepu ya kitambaa cha pamba yenye gundi upande mmoja, upana wa sentimita 2.5 hivi. Inakwaruza kidogo ukiipapasa. Inazungushwa kuanzia kisigino cha gongo kuelekea kwenye ncha, kila mzunguko ukipanda juu ya ule wa kwanza. Kisahani kikigusa pale kinashikwa kidogo, na mshtuko wa pasi kali unapungua. Rangi nyeusi au nyeupe ni suala la mtu anavyopenda. Wapo wanaosema nyeusi inamchanganya golikipa kwa kuwa kisahani nacho ni cheusi. Mimi naona mengi ya haya ni imani tu ya wachezaji, kama wetu wanaovaa soksi ile ile kila fainali.

Kwenye mpini juu kabisa wanatengeneza kinundu kwa kuzungusha tepu mara nyingi mahali pamoja. Kinundu hicho kinazuia mkono usichomoke, kinarahisisha kuokota gongo likiwa chini ukiwa umevaa glavu, na kinafunika ile ncha isimchome mwenzako tumboni. Chini ya kinundu wengine wanasokota tepu iwe kama kamba, wanaizungusha kwenye mpini kwa nafasi nafasi, halafu wanaifunika kwa tepu nyingine ili yapatikane matuta ya kushikia. Tatizo moja: tepu inayokwaruza sana inakula kiganja cha glavu. Ndiyo maana sehemu ya mkono wengi wanatumia tepu laini zaidi, yenye kunata kidogo tu.

HUKU KWETU: MPINI WA CHOCHOTE

Hapa utasema, "Dada, mimi gongo la barafu nitalitoa wapi?" Sawa. Lakini jembe unalo, baiskeli unayo, labda na raketi ya shule ya kukodiana. Kanuni ya mshikio ni ile ile, na tena ni suala la afya. Mpini ukiteleza, mkono unakaza zaidi. Mkono ukikaza zaidi, misuli ya kigasha inachoka haraka na kiganja kinafanya malengelenge. Mtu aliyelima Mbozi kwenye shamba la kahawa asubuhi nzima ananielewa.

Kwenye maduka ya vipuri Tunduma nimeona watu wakitumia vitu vya aina nne au tano. Tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe ndiyo mfalme. Haina gundi, inajibana yenyewe kwa kuvutika, na ikichafuka unaifuta. Ivute kiasi, zungusha kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, na ncha ya mwisho uichomeke chini ya mzunguko. Ubaya wake ni jasho. Mkono ukilowa, mpira laini unateleza, hasa ukishazeeka ukang'aa.

Kitambaa kinanyonya jasho, kwa hiyo ni kizuri kwa mkono unaotoka maji. Lakini kinanyonya pia uchafu, na Juni ile ya vumbi na upepo wa kwetu, baada ya wiki mbili kinanuka. Kibadilishe. Usizungushe kipya juu ya cha zamani, maana mpini utakuwa mnene mpaka vidole visikutane. Mwembamba mno nao ni kasheshe, kwa sababu unalazimika kuufinya muda wote.

Ile tepu nyeusi ya fundi umeme watu wanaipenda kwa sababu ni rahisi kupatikana. Kwa mpini ni ya dharura tu. Ni ya plastiki, haikwaruzi, na ikikaa juani gundi inayeyuka na kutoka pembeni, mkono unanata kama umeshika ulimbo. Tepu ya kahawia ya kufungia maboksi hata usiiguse. Na ile nyeupe ya mafundi bomba haina gundi kabisa. Kazi yake ni kuziba nyuzi za bomba zisivuje, basi.

SOKSI NA UGOKO

Wale wacheza barafu wana tepu nyingine tena, ya plastiki inayoonyesha na kuvutika. Wanaizungusha juu ya soksi ili kikinga cha ugoko kisizunguke. Angalia vizuri: juu ya soksi, na chini ya soksi kuna kikinga. Ngozi haiguswi.

Wacheza soka mnafanya vivyo hivyo. Sheria ya 4 ya soka inamtaka kila mchezaji avae vikinga ugoko, na kama umezungusha tepu nje ya soksi, rangi ya tepu ifanane na rangi ya soksi mahali ilipo. Sheria hiyo hiyo inakataza kufunika hereni au pete kwa tepu ili uingie nayo uwanjani. Ivue. Wasichana mnaojibandika plasta kwenye hereni mpya, refa akijua kazi yake atakutoa, na ana haki, maana hereni ikivutwa sikio linachanika hata kama kuna plasta.

Wapo wanaotengeneza vikinga kwa boksi. Ni afadhali kuliko kucheza ugoko wazi, ila boksi likilowa halina kazi. Na mkishavaa, msikaze tepu chini ya goti mpaka iache mfereji kwenye nyama. Ukivua soksi ukakuta alama iliyozama, ulikaza mno.

NGOZI SIO MPINI

Sasa turudi kwa yule msichana, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Mpini hauvimbi, mguu unavimba. Ukiteguka, nyuzi zinazoshika mifupa zinavutika au kuchanika, damu na maji vinajikusanya, na uvimbe unaendelea kuongezeka kwa saa nyingi baadaye. Ukiwa umefunga kitu kinachobana kila wakati, kama tepu ya umeme au tyubu, uvimbe unakosa pa kwenda. Unabana mishipa. Kwanza vidole vinakuwa baridi, vinawasha kama sindano, halafu vinakufa ganzi. Ganzi sio nafuu! Wengi wanafikiri, "Aa, maumivu yameisha, dawa imefanya kazi." Kumbe damu haifiki.

Naijua hadithi hii kwa mwili wangu. Nikiwa kidato cha tatu, mimi nilicheza nusu fainali nikiwa nimefungwa kifundo kwa tepu nyeusi ya umeme moja kwa moja kwenye ngozi. Aliyenifunga alisema, "Kaza, utamaliza mechi." Nikamaliza. Tulipoibandua ilitoka na ngozi, na baada ya mwezi nikaanguka tena mguu ule ule. Mpaka leo nikishuka ngazi gizani nauhesabia hatua.

Je, utajuaje umefungwa vibaya? Vua kiatu. Bonyeza ukucha wa kidole gumba cha mguu mpaka pale chini yake pageuke peupe, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ikichelewa, au vidole ni baridi kuliko vya mguu mwingine, au huvisikii, fungua mara moja, hata kama kocha anakuita. Kama baada ya kufungua hali hairudi haraka, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa mguu uliotoka kuteguka, kinachofaa ni bandeji ya kuvutika inayouzwa duka la dawa, upana wa sentimita 7.5 au 10. Anza karibu na vidole, panda kuelekea juu, pita kwenye kifundo kwa umbo la namba 8, kila mzunguko ufunike nusu ya uliopita. Acha vidole nje ili uvione. Ibane kama soksi mpya inavyobana, isizidi. Usiku ivue. Inua mguu juu ya mto au begi la nguo ukilala.

Na barafu? Hatuna kiwanja cha kuteleza, lakini zile barafu za vifuko wanazouza watoto mtaani zinafanya kazi hii vizuri sana. Zifunge kwenye kanga au kitambaa, weka dakika 15 hadi 20, toa, rudia baada ya saa mbili au tatu kwa siku ya kwanza na ya pili. Usiweke barafu tupu kwenye ngozi, inaunguza. Siku hizo mbili usichue kwa nguvu, usikande kwa maji ya moto, hata bibi akisisitiza. Mwambie kwa heshima, "Bibi, tutakanda baadaye."

Ipo pia plasta ya michezo, ile nyeupe ya kitambaa ambayo haivutiki. Wachezaji wakubwa wanaifunga kifundoni kabla ya mechi, na kweli inasaidia mtu aliyewahi kuteguka asirudie. Lakini inafungwa na anayejua, kwa mguu ambao umeshapona uvimbe, na baada ya dakika 20 au 30 za kukimbia inakuwa imeshalegea. Haigeuzi mguu mgonjwa kuwa mzima. Usinunue ukidhani umenunua ruhusa ya kucheza.

PICHA AU HAPANA?

Sio kila kuteguka kunahitaji eksirei. Bonyeza ile mifupa miwili inayochomoza pembeni mwa kifundo, ukingo wake wa nyuma na ncha yake ya chini. Kama mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa, au kama huwezi kupiga hatua 4 hata kwa kuchechemea, nenda ukapigwe picha. Vivyo hivyo kama sehemu ya katikati ya unyayo, upande wa nje au wa ndani, inauma mfupani. Huo huenda ni mvunjiko.

Yule msichana alishindwa hatua ya tatu. Mwalimu wake wa kike alimpeleka hospitali jioni ile kwa bajaji. Rangi ya vidole ilirudi kabla hata hawajaondoka shuleni, na picha haikuonyesha mvunjiko, ni nyuzi tu. Mechi ya kesho alikaa benchi. Alilia, siwadanganyi. Aliniambia kilichomtisha si maumivu, ni kwamba akisema anaumwa nafasi yake ingechukuliwa na mwingine mwaka mzima. Nikamuuliza mwalimu wake kama ni kweli. Mwalimu akanyamaza kidogo, akasema, "Ilikuwa hivyo." Wakakubaliana kwamba atajaribiwa upya akipona.

Kazi aliyopewa ya nyumbani ni rahisi: maumivu yakipungua, asimame kwa mguu ule mmoja anapopiga mswaki, asubuhi na jioni, mwanzoni akiwa karibu na ukuta. Mguu unajifunza upya kujishika, na hatari ya kuteguka tena inapungua.

MNAULIZA, TUNAJIBU

"Timu yetu ina bandeji mbili tu na tunaachiana. Kuna ubaya?"
Kama ni safi na haina damu, ifueni kwa sabuni, ikauke juani, apewe mwingine. Yenye damu au usaha haiachiwi mtu. Watu wanaogopa Ukimwi tu, lakini virusi vya homa ya ini aina ya B ni vigumu zaidi kufa. Vinaweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Anayetoka damu uwanjani atoke, aoshwe, afunikwe kidonda, ndipo arudi. Anayemhudumia avae glavu, na kama hakuna, mfuko safi wa plastiki mkononi.

"Nikibandika plasta natoka vipele. Je, damu yangu ni chafu?"
Hapana bwana! Damu haihusiki. Ngozi yako haipatani na gundi ile. Vaa soksi nyembamba au zungusha bandeji kwanza, plasta ije juu. Vikitoa maji au kuenea, muone mganga wa zahanati.

"Gundi ya tepu imebaki mguuni. Rafiki yangu anatoa kwa petroli, ni sawa?"
Petroli na mafuta ya taa yanababua ngozi, na karibu na jiko ni balaa. Paka mafuta ya kupikia, subiri dakika chache, sugua taratibu kwa kitambaa, kisha osha kwa sabuni. Na safari nyingine ukibandua tepu, ishikilie ngozi kwa mkono mmoja na uivute polepole kufuata vinyweleo vinakolalia.